Njia Nne za Kuingiza Akili Mnemba katika Skuli za Serikali Zanzibar: Ipi Ianze na Ipi Isubiri

Skuli ya Serikali inayotaka kutumia akili mnemba haikosi wa kuishauri. Yupo anayekuja na tableti, yupo anayekuja na jina la programu ya kwenye simu, na yupo mwalimu kijana wa skuli hiyo hiyo ambaye tayari anaandika maandalio yake ya somo kwa msaada wa programu ya mazungumzo bila ya kumwambia mtu. Mambo haya yote huitwa kwa jina moja, na hapo ndipo uamuzi unapoharibika, kwa sababu Kamati ya Skuli huulizwa kama inaikubali akili mnemba au inaikataa, ilhali swali lenye maana ni aina ipi, kwa darasa lipi, na chini ya uangalizi wa nani.

Kwa hali ya skuli zetu za Unguja na Pemba naziona njia nne zilizo tofauti hasa. Ya kwanza ni ya mwalimu peke yake: programu inamsaidia kuandaa somo, kutunga maswali na kurahisisha maelezo, na mwanafunzi haigusi. Ya pili ni programu za mazoezi zinazokaa ndani ya tableti au kompyuta ya skuli bila ya kuhitaji intaneti, ambazo humpandisha mwanafunzi au kumrudisha nyuma kwa kadiri anavyojibu. Ya tatu ni mkufunzi wa kwenye simu, mara nyingi kupitia WhatsApp, anayefuata mtaala maalumu na kutoa mazoezi na vidokezo. Ya nne ni mazungumzo huru, yaani mwanafunzi mwenyewe mbele ya ChatGPT au programu nyengine ya jinsi hiyo, aulize alitakalo na ajibiwe. Njia hii ya nne haikuamuliwa na yeyote. Imeingia yenyewe tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na mwanafunzi wa Kidato cha Nne mwenye simu ya dada yake anaitumia kwa kazi za nyumbani, skuli itake isitake.

Kipimo ninachokitanguliza katika kuzilinganisha ni kimoja: mashine ikikosea, nani atalikamata kosa kabla halijakaa kichwani mwa mtoto? Lugha, umeme, fedha na siri za watoto ni mambo ya lazima kupimwa, na nitayapitia, lakini yote yanafuata nyuma ya hilo.

Mashine ikikosea

Programu za mazungumzo zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake hasa ni kukisia neno linalofaa kufuata baada ya lililotangulia. Kwa hiyo zinaweza kuandika jambo la kweli na jambo la uongo kwa uhakika ule ule, na kosa lake halina alama ya kulitambulisha. Baadhi yake siku hizi hupekua mtandaoni kabla ya kujibu, na hilo hupunguza makosa, ila kwa mambo ya visiwani petu yaliyoandikwa mtandaoni ni machache, na katika hayo machache mengi yaliandikwa kwa ajili ya watalii.

Nilipoiomba programu moja initungie maswali matano ya hisabati kwa Darasa la Tano kuhusu uchumaji wa karafuu Pemba, ilinipa maswali kwa Kiswahili safi kabisa, yenye mashamba, wachumaji na majamvi ya kuanikia. Swali la tatu lilisema mchumaji alileta pishi 18 za karafuu, kisha jibu likakokotolewa kana kwamba kila pishi ni kilo moja, bila ya maelezo yoyote. Mwalimu wa Wete angelisoma swali hilo mara moja akalifuta, kwa kuwa anajua kwamba pishi ni kipimo cha ujazo chenye vibaba vinne, na kwamba karafuu mbichi na karafuu kavu za pishi moja hazilingani uzito hata kidogo. Mwanafunzi wa Darasa la Tano, hata awe mtoto wa mchumaji, angelikokotoa kama lilivyoandikwa na kupata vyema.

Hapo ndipo njia nne zinapoachana. Katika njia ya kwanza kila kosa linapita kwanza mbele ya mtu mzima aliyesomea ualimu, ambaye ana kitabu cha kiada mezani na anaijua skuli yake. Katika njia ya pili maswali yametungwa na watu na kukaguliwa kabla ya kuwekwa ndani ya tableti, na mashine inachagua tu zoezi lipi lifuate. Kosa likiwemo litawafikia watoto wote, hilo ni kweli, lakini Taasisi ya Elimu Zanzibar inaweza kulikagua jambo zima mara moja na kulirekebisha mara moja. Njia ya tatu iko katikati, kwa sababu mazoezi yake yamepangwa ila mazungumzo yanayoyazunguka hutungwa papo hapo. Katika njia ya nne hakuna anayekamata kitu, na anayetarajiwa kukamata ni yule yule aliyekuja kuuliza kwa sababu hajui.

Upo utafiti mmoja uliofanyika Uturuki ambao unaonesha tofauti hii kwa namba, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2024. Karibu wanafunzi 1,000 wa sekondari waligawiwa makundi matatu kwa mazoezi ya hisabati: kundi moja lilipewa programu ya mazungumzo iliyo wazi, la pili likapewa programu hiyo hiyo iliyofungwa kwa maelekezo ya walimu ili itoe vidokezo na isitoe majibu, na la tatu likabaki na vitabu na madaftari. Wakati wa mazoezi kundi la programu ya wazi lilipata alama zilizolizidi kundi la madaftari kwa asilimia 48, na kundi la programu iliyofungwa likazidi kwa asilimia 127. Ulipokuja mtihani bila ya msaada wowote, waliokuwa na programu ya wazi walianguka chini ya wale ambao hawakupewa chochote kwa asilimia 17, na waliokuwa na ile iliyofungwa wakawa karibu sawa nao. Mzazi anayemuona mwanawe anamaliza kazi za nyumbani haraka na kwa usahihi kuliko zamani ana sababu nzuri ya kuuliza, kabla ya kufurahi.

Kwa upande mwengine, zana ya wazi ikiwekwa chini ya mwalimu hubadilika tabia. Mwaka huo huo wa 2024 katika mji wa Benin City, Jimbo la Edo nchini Nigeria, Benki ya Dunia ilishiriki katika jaribio la wiki sita ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu walikutana baada ya saa za masomo, wakatumia Copilot, programu ya mazungumzo ya Microsoft, kujifunza Kiingereza, huku walimu waliofunzwa kwa kazi hiyo wakiwapa mada, wakiwapangia maswali ya kuanzia na kuwasimamisha kujadili walichopata. Walioshiriki walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao. Mimi nisingechukua matokeo hayo kama yalivyo, kwa sababu saa za ziada zenyewe zina faida yake hata bila ya kompyuta, lakini yanatosha kutuonesha kwamba mwalimu aliyemo chumbani ndiye aliyeipa zana ile mwelekeo. Bila ya yeye ingekuwa ni njia ya nne tu, ndani ya jengo la Serikali.

Madarasa ya mwanzo: tableti au mwalimu?

Kwa watoto wa Darasa la Kwanza hadi la Tatu ulinganisho ni mwepesi kuliko unavyoonekana, kwa sababu njia mbili zinatoka mapema. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa Septemba 2023 kuhusu akili mnemba katika elimu, ilipendekeza mtoto asiachiwe kuzungumza na programu hizi kwa kujitegemea kabla ya kufika miaka 13, na karibu wote walioko katika madarasa ya msingi ya chini wako mbali na umri huo. Njia ya nne inatoka, na ya tatu pia, kwa kuwa mtoto ambaye hajaweza kusoma hawezi kuandikiana na simu. Inabaki kuchagua kati ya kumsaidia mwalimu na kumpa mtoto tableti ya mazoezi.

Juu ya tableti tuna ushahidi wa karibu sana, wa ng'ambo ya pili tu ya mkondo wa Pemba. Kuanzia mwisho wa 2017 hadi mapema 2019, mashindano ya Global Learning XPRIZE yalijaribu programu tano za kufundishia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili katika vijiji 170 vya Mkoa wa Tanga, kwa watoto wanaokaribia 3,000 ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuingia skuli, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Tableti zilichajiwa kwa umeme wa jua vijijini, na hakukuwa na mwalimu. Mwezi wa Mei 2019 washindi walitangazwa kuwa wawili, onebillion na Kitkit School, wakagawana zawadi ya dola milioni 10. Lenye uzito zaidi kwetu ni sharti la mashindano hayo, kwamba programu za waliofika fainali ziwekwe wazi bure ili nchi yoyote izichukue na kuzirekebisha. Malawi imeichukua kazi ya onebillion katika mpango wake wa kitaifa wa madarasa ya mwanzo. Sisi, ambao lugha iliyotumika katika jaribio ni yetu, hatuna gharama ya kufasiri. Kazi yetu ingekuwa kukagua na kulinganisha na mtaala.

Hata hivyo matokeo ya Tanga hayahamishiki moja kwa moja. Watoto wale kila mmoja alikuwa na tableti yake na hawakuwa na skuli. Watoto wetu wana skuli, na tableti watazigombania. Katika skuli ambayo bado ina mikondo miwili, asubuhi na mchana, saa ya tableti lazima ikatwe kutoka katika somo jengine au iongezwe mwisho wa siku, na mwisho wa siku ya mtoto wa Zanzibar una mwenyewe, kwa sababu akitoka skuli anakwenda chuoni kusoma Kurani. Anayeuza tableti hatolitaja jambo hilo. Mwalimu mkuu ndiye atakayekutana nalo katika ratiba.

Zanzibar ina kumbukumbu yake ya teknolojia iliyofanya kazi kwa watoto wadogo bila ya kelele nyingi. Vituo vya Tucheze Tujifunze, ambavyo watu wamevizoea kwa jina la TUTU, viliwafikishia watoto wa vijijini masomo ya maandalizi kwa sauti: redio inasema, mlezi anaongoza, watoto wanaitikia, wanaimba na kucheza. Redio haikujua jina la mtoto wala haikupima jibu lake, lakini kila kituo kilikuwa na mtu mzima wa kijiji kile kile aliyejua nani hakuelewa. Mradi wowote wa tableti ambao hautaji mtu wa namna hiyo, na posho yake, mimi ningeuweka chini ya TUTU.

Lugha mbili ndani ya daftari moja

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 ilielekeza kwamba Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano, na hata ukiacha mjadala wa sera hiyo, mtihani wa Kidato cha Nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania unamkuta mtoto na Kiingereza katika masomo mengi. Kila mwalimu wa sayansi visiwani anajua kinachotokea: somo linaandikwa ubaoni kwa Kiingereza, linaelezwa kwa Kiswahili, na mwanafunzi ananakili asichokielewa na kukielewa asichokiandika.

Katika jambo hili njia ya kwanza inazipita nyengine zote kwa mbali. Mwalimu anaweza kuchukua ukurasa mmoja wa kitabu juu ya mmeng'enyo wa chakula, akaitaka programu iuandike upya kwa Kiingereza chepesi cha sentensi fupi, kisha iandike maelezo yale yale kwa Kiswahili sambamba, kisha itunge maswali sita ambayo matatu yanauliza kwa lugha moja na matatu kwa nyengine. Kazi hiyo kwa mkono humchukua jioni nzima. Kwa programu inampatia rasimu kwa dakika chache, na nusu saa inayobaki anaitumia kusahihisha Kiswahili chake, kubadilisha mifano ya tufaha na treni kuwa ya maembe na boti, na kuondoa sentensi ambazo zina maneno ya Kiswahili lakini hakuna Mzanzibari anayesema hivyo. Mwalimu asiyefanya usahihishaji huo haupati wepesi wowote, amehamisha tu kazi kutoka kwake kwenda kwa wanafunzi wake.

Programu za mazoezi za njia ya pili ziko vizuri kwa Kiswahili cha kusoma na kuhesabu, kama ilivyoonekana Tanga, ila zile zinazomsikiliza mtoto akisoma kwa sauti zinataka kujaribiwa kwanza kwa watoto wa Makunduchi, Tumbatu na Micheweni, kwa lafudhi zao, kabla ya kulipiwa. Na kuna jambo dogo la fedha ambalo hufichika ndani ya lugha: kampuni za programu za mazungumzo huwatoza watengenezaji kwa vipande vya maneno, na neno la Kiswahili, pamoja na viambishi vyake, kwa kawaida hukatwa vipande vingi kuliko neno la Kiingereza. Maelezo yale yale kwa Kiswahili hugharimu zaidi. Atakayeleta bei iliyopigwa kwa majaribio ya Kiingereza aulizwe.

Simu iliyoko nyumbani

Njia ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi na wafadhili, kwa sababu haihitaji kununua kifaa. Mfano wake unaojulikana ni Rori, mkufunzi wa hisabati wa kwenye WhatsApp aliyejaribiwa katika skuli za Rising Academies nchini Ghana, ambako wanafunzi waliomtumia kwa vipindi viwili vya nusu saa kwa wiki waliendelea vizuri kuliko wenzao waliobaki na masomo ya kawaida tu. Tanzania nayo ina Ticha Kidevu wa Shule Direct, anayefuata masomo ya sekondari ya hapa nchini, na hilo la mtaala ni faida ambayo Rori hana kwetu.

Lakini matokeo ya Ghana yasomwe vizuri. Vipindi vile vilifanyika ndani ya saa za skuli, kwa simu zilizowekwa kwa kazi hiyo, mtu mzima akiwepo. Mkufunzi wa simu anayeletwa kwetu kwa kawaida ni wa nyumbani jioni, na nyumbani jioni simu haimngojei mtoto. Katika mkutano mmoja wa wazazi mwalimu alipoeleza kwamba mazoezi yatatumwa kwa WhatsApp, mama mmoja alinyanyuka akasema, "Mwalimu, simu ni ya baba yao, na baba yao yuko dago," yaani kambi ya wavuvi. Mwalimu alimjibu kwa upole, "Basi, mama, tutamchapishia na yeye," na hapo hapo mradi usiohitaji kifaa ukawa unahitaji printa, wino na karatasi. Skuli nyingi za Serikali haziruhusu wanafunzi kuja na simu, kwa hiyo njia hii humfikia kwanza mtoto ambaye nyumbani kwao kuna simu ya kupumzika na fungu la MB, ambaye ndiye pia anayepelekwa tuisheni. Tangu elimu ilipotangazwa kuwa bure hapa visiwani tarehe 23 Septemba 1964, skuli ya Serikali imekuwa mahali pa kupunguza tofauti hiyo. Njia ya tatu naikubali ikiwa kama Ghana, ndani ya skuli. Ikiwa ni ya nyumbani, iwe ya hiari na isibebe alama yoyote ya tathmini.

Umeme, fedha na siri za watoto

Umeme hauhitaji maneno mengi. Unguja iliwahi kukaa karibu miezi mitatu bila ya umeme kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, na Pemba inategemea waya wa baharini kutoka Tanga tangu 2010. Hali ni bora leo kuliko ilivyokuwa, lakini skuli ambayo salio lake la Tukuza, yaani umeme wa kulipia kabla, humalizika kabla ya mwezi isitie sahihi mradi wa maabara ya kompyuta 30 bila ya kujua nani atalipa. Njia ya kwanza inaendeshwa kwa simu moja ya mwalimu. Njia ya pili inaweza kuendeshwa kwa paneli ndogo ya jua: Kolibri, kwa mfano, ni jukwaa la bure linalokaa ndani ya kompyuta ya ukubwa wa kiganja na kugawa masomo kwa vifaa vilivyo karibu bila ya intaneti. Haina akili mnemba kubwa ndani yake, na kwa skuli ya Kojani au Kisiwa Panza hilo si upungufu. Gharama inayosahaulika ni chumvi ya hewa ya pwani inayokula matundu ya kuchajia, na fundi wa karibu yuko mjini.

Siri za watoto zinataka kutazamwa zaidi, kwa sababu hapa sheria yenyewe ina pengo ambalo watu wengi hawalioni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na wauzaji wa programu huitaja kwa kujiamini. Sheria hiyo inatumika Zanzibar pia, lakini kwa mambo ya Muungano tu, na elimu ya msingi si jambo la Muungano. Kwa hiyo Kamati ya Skuli isitosheke na kuambiwa kwamba programu "inafuata sheria". Ulinzi wa mtoto uandikwe ndani ya makubaliano yenyewe na Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali: taarifa zipi zinachukuliwa, zinakaa wapi, zinafutwa lini, na kwamba haziuzwi wala hazitumiki kuifunzia mashine.

Kwa kipimo hiki njia ya pili ikiwa haina intaneti ndiyo salama kuliko zote, maana kilichomo ndani ya tableti kinabaki ndani ya tableti mpaka mtu akitoe. Njia ya kwanza ni salama kwa sharti moja ambalo walimu hulivunja bila ya kujua: kupiga picha karatasi ya majibu yenye jina la mtoto na kuipandisha kwenye programu ya bure ili imsahihishie. Programu nyingi za bure huhifadhi mazungumzo na huweza kuyatumia kujifunza zaidi, isipokuwa mtumiaji abadilishe mpangilio. Jina likatwe, namba ya mtahiniwa ikatwe, na habari za nyumbani kwa mtoto zisiandikwe humo kabisa, hata kwa nia ya kutafuta ushauri.

Kazi za nyumbani na programu za kunasa udanganyifu

Skuli zinazoogopa njia ya nne hushawishika kununua programu inayodai kutambua maandishi ya mashine. Nisingezishauri. OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT yenyewe, iliiondoa zana yake ya kutambua mwezi wa Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizipima zana saba za aina hiyo kwa insha za TOEFL, mtihani wa Kiingereza kwa wageni wa lugha hiyo, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na watu, zilihukumiwa kuwa ni za mashine. Mwanafunzi wa Mkoani anayeandika Kiingereza cha sentensi fupi na maneno ya kawaida ndiye hasa anayefanana na waliohukumiwa. Ni afadhali insha iandikwe darasani kwa mkono, au mwanafunzi aliyeleta kazi ya nyumbani aulizwe maswali mawili juu yake akiwa amesimama. Haigharimu kitu, na mwalimu wa zamani hatoiona kuwa ni jambo jipya.

Kuipa mashine kazi ya kusahihisha mitihani ya mwisho hakumo katika ulinganisho huu, kwa sababu hakuna njia hata moja kati ya nne ambayo nadhani imefika hapo.

Kuchagua kwa skuli yako

Skuli ya sekondari yenye umeme na walimu wa kutosha ianze na njia ya kwanza muhula huu, bila ya kungoja mradi. Vituo vya Walimu, kama vile Bububu na Dunga kwa Unguja, Michakaini na Mitiulaya kwa Pemba, ndivyo mahali pa kufundishia matumizi yake, kwa sababu mwalimu hujifunza vizuri mbele ya mwalimu mwenzake wa somo lake kuliko mbele ya mtaalamu wa kompyuta. Lipo tatizo la njia hii ambalo lisifichwe: maandalio ya somo yatapendeza sana, mkaguzi atayakuta yamejaa kila kisanduku, na darasa likabaki vile vile. Dawa yake ni kumruhusu mwalimu awasilishe rasimu ya mashine waziwazi, ikiwa na marekebisho yake aliyoyaandika kwa kalamu juu yake. Karatasi isiyo na alama ya kalamu haijasomwa.

Baada ya mwaka mmoja wa hilo, skuli hiyo inaweza kuingiza wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne katika maabara kwa mtindo wa Benin City: zana moja, mada moja, mwalimu amesimama kati, na kazi ya wanafunzi iwe kutafuta wapi mashine imekosea kwa kulinganisha na kitabu. Kwa kuwa njia ya nne imeshaingia majumbani, hapo ndipo pa kuwafundisha kuishuku.

Skuli ya msingi ya shamba yenye watoto wengi wasiojua kusoma wanapofika Darasa la Tatu ina sababu ya kutaka tableti, na ningeipa kipaumbele kuliko sekondari za mjini ambazo kwa kawaida hufikiwa kwanza. Masharti yawe matatu: programu iwe imepitiwa na Taasisi ya Elimu Zanzibar, awepo mtu wa kijiji anayelipwa kusimamia, na saa ya tableti iwe imeshaandikwa katika ratiba kabla vifaa havijashushwa bandarini. Likikosekana moja, fedha hizo zinunue vitabu vya hadithi.

Na kabla ya mwalimu mkuu yeyote kutia sahihi, mwakilishi wa programu aombwe aje skuli siku ya kawaida, azime intaneti, akae na watoto kumi waliochaguliwa na mwalimu wa darasa, wakiwemo wale wa nyuma kabisa, na awaache wafanye kazi kwa muda wa kipindi kizima bila ya yeye kuwashikia kidole. Ripoti ya siku hiyo iandikwe na mwalimu wa darasa, na nakala yake iende kwa Kamati ya Skuli pamoja na mkataba.